Mimi Ndiye Niliyekuwa Nasema Tua

3 Machi, Jumatatu

Daftari hili kanunua binti yangu Agness, mwalimu wa chekechea Mwanza. Alinipa siku anaondoka, baada ya arobaini ya mama yake. "Baba, hujalia hata tone. Basi andika." Nikamwambia, mwanangu, baba yako si mtu wa kulia wala wa kuandika. Baba yako ni mtu wa kusema, na akisema, ndege zinashuka kutoka mbinguni. Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka.

Haya, naandika. Mimi ni Matiasi, Mhangaza wa Mugoma, msimamizi wa uwanja wa ndege huku upande wa Kaniha, mwaka wa ishirini na mbili huu. Uwanja hauna mnara. Una changarawe mita elfu moja na mia moja, mawe meupe pembeni, soksi ya kuonyesha upepo juu ya mlingoti, ringi la lori la kugonga kama kengele ya shule, redio moja ya mkononi, na mimi. Mnara ni mimi. Darasa la sita niliishia Mugoma. La saba mpaka chuo kikuu nimesomea Lukole, enzi za kambi ya wakimbizi, nikipakua midege yenye matumbo kama viboko. Nimekula samaki wa kopo na rubani wa kutoka Ukraina. Najua kushukuru kwa lugha saba na kutukana kwa tisa.

Clotilda, mke wangu, alifariki tarehe 19 Januari. Presha. Siku ya maziko nilikula wali sahani mbili.

Nimeandika.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa. Mvua ya kwanza imeyafuta kabla sijafika nyumbani.

9 Machi, Jumapili

Ndege hakuna. Nieleze habari za Ngassa, maana bila yeye uwanja huu ungekuwa pori.

Ngassa ni Msukuma, alikuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, mwaka wa kumi na moja sasa. Ng'ombe arobaini. Nyasi za uwanja ni zao, ndiyo maana mimi sina fyekeo. Nikigonga ringi, yeye anawatoa nje ya mawe meupe. Ndege ikishaondoka, wanarudi. Hakuna mkataba wala mhuri. Tumejifanya watani. Mimi namwambia Wasukuma wanaoa ng'ombe na kuchunga wake. Yeye ananiambia Wahangaza tulizaliwa na mgomba kwa sababu ya kupenda pombe ya ndizi.

Kwenye msiba alitimiza wajibu wa mtani barabara. Alipanda lori mpaka Mugoma, akachimba kaburi na wenzake, akavaa kilemba cha Clotilda na kunikaripia kwa sauti yake, watu wakalia kwa kucheka. Jeneza lilipotaka kutoka, akajilaza mlangoni chali. "Haondoki mtu hapa! Huyu bwana ndiye anayeruhusu zinazoruka. Hajasema! Matiasi, sema ruka!" Watu wote wakanitazama, wanacheka. Padri naye alikuwa anajiuma mdomo.

Nikasema, "Ruka."

Akainuka, wakambeba Clotilda.

Tangu siku hiyo Kezia, mke wa Ngassa, ananiletea maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu. Nayanywa. Nadhani ni matamu.

14 Machi, Ijumaa

Leo nimepata mgeni mkubwa. Yuster, binti anayetoa mafunzo, katumwa na wakubwa wa anga. Kaja na gari lenye tope mpaka kwenye vioo na kanuni mpya za viwanja visivyo na mnara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu mnarani," nikamwambia, nikamwonyesha kiti changu cha plastiki.

Akacheka kidogo, kisha akafungua karatasi. Kuanzia tarehe moja Aprili, kila rubani anayekuja uwanja kama wetu aseme mwenyewe redioni, kwenye masafa mamoja wanayosikia wote. Akiwa maili kumi, aseme. Akiingia kwenye mzunguko, aseme, na mzunguko wote uwe wa kushoto. Akinyoosha kuja chini, aseme. Marubani wasikilizane wao kwa wao. Simu zisitumike kabisa.

"Na mimi?"

"Wewe unatoa taarifa tatu. Upepo. Hali ya uwanja. Wanyama. Na kama unaijua ndege nyingine iliyo karibu, unaitaja. Basi."

"Halafu namwambia atue."

"Hapana mzee. Neno tua liache. Na neno ruka."

"Nikiyaacha si zitabaki hukohuko juu?"

Hapo alicheka kweli. Kisha akaniambia kitu, nakiandika kama alivyokisema: "Mnara una mtu mwenye leseni anayeziona ndege zote. Wewe hukupewa hivyo vitu. Ukimwambia rubani tua, anaacha kuangalia, anakuamini wewe. Tunataka aamini macho yake na masikio yake. Uamuzi ni wake."

Nikamwambia miaka ishirini na mbili hakuna hata kuku aliyekufa. Akasema anajua, ndiyo maana wamenibakiza.

Kaniachia kadi ya plastiki yenye mistari mitatu, na soksi mpya ya upepo, rangi ya chungwa na nyeupe, ndani ya boksi. Nimeliweka boksi chini ya kitanda. Soksi iliyo juu ya mlingoti kaishona Clotilda kwa kitenge na kitambaa cha mwavuli. Alikuwa anashona nyingine kila mwaka kabla ya masika. Hii ni ya mwaka jana.

22 Machi

Mvua.

23 Machi

Mvua. Maziwa.

1 Aprili, Jumanne

Sheria imeanza leo, siku ya wajinga. Wakubwa nao wanajua utani.

Kapteni Audax kaja na ndege ya madaktari. Yeye ni Mhaya, mtu wa sheria, nadhani hata chai anakunywa kwa saa. Nilimsikia anajieleza redioni: maili kumi, mzunguko wa kushoto, ananyoosha kutoka mashariki. Nikasoma kadi. "Upepo wa mashariki, mwepesi. Uwanja mkavu. Ng'ombe wako nje ya mawe meupe." Nikanyamaza. Ilikuwa kama kupiga chafya ikaishia puani.

Akatua. Akashuka, akanipa mkono. "Umefanya vizuri sana, Mzee Matiasi." Kama mtoto aliyejua kuvaa viatu.

Jioni kwa mama pombe wakaniuliza, "Mnara, wamekunyang'anya cheo?" Nikasema thubutu! Nikawapa ile hadithi ya rubani wa Ukraina. Nimeisimulia mpaka mwisho bila kuisikiliza.

8 Aprili

Rubani wa wapima madini kanipigia simu. Sisi tunamwita Miwani, havui miwani yake myeusi hata kwenye mvua. "Mzee wangu, hayo mambo ya kujisemesha redioni peke yangu kama chizi siyawezi. Wewe niambie tu." Nikamwambia, "Tua, baba." Akatua. Akaniletea mkate kutoka mjini.

Nimejisikia mtu. Nusu saa hivi.

11 Aprili

Mvua kubwa. Soksi ya Clotilda ikilowa inaning'inia kama mkono wa mgonjwa, upepo uwepo usiwepo. Ngassa kaniambia, "Mtani, toa hiyo, weka mpya." Nikamwambia ng'ombe wake wavae hiyo mpya.

17 Aprili, Alhamisi Kuu

Naandika yote.

Wagonjwa wa macho walifika tangu saa moja asubuhi, wamekaa chini ya turubai karibu na kiti changu. Wengine wametoka Ngara, wameongozwa kwa fimbo. Kapteni Audax alikuwa analeta madaktari wa macho saa nne. Mvua ilikuwa imekatika, uwanja umelowa, upepo hakuna hata wa kuzima kiberiti. Wingu zito limekaa magharibi.

Nikagonga ringi. Ngassa akawatoa ng'ombe. Nilimwona kwa macho haya, amewapeleka nje ya mawe, mwisho wa magharibi, amesimama mbele yao na fimbo mabegani.

Simu ikaita. Miwani. Hakuwa kwenye ratiba. "Mzee, nipo karibu, natokea magharibi, wingu linanifukuza. Vipi?"

Wagonjwa wananisikiliza. Bibi mmoja kipofu akauliza, "Huyo anaongea na nani?" Jirani yake akamjibu, "Anaongea na ndege."

Nikasema kwa sauti, "Safi kabisa. Tua."

Nikiwa bado nimeishika simu, redio mkono wa kushoto ikasema: "Kaniha na ndege zote zilizo karibu, nanyoosha kutoka mashariki." Audax. Nilipaswa kumwambia ipo nyingine. Ni maneno machache tu. Lakini bibi kipofu alikuwa amegeuza uso juu, anatabasamu, anangoja kunisikia tena.

Nikasema, "Tua."

Mmoja mashariki, mmoja magharibi, changarawe moja.

Miwani alitokea chini ya wingu, magurudumu yakagusa. Audax alikuwa ameshashuka usawa wa mnazi, nikaona pua yake inainuka, injini ikalia, akapinda kushoto juu ya nyumba ya Ngassa. Mabati yalitetemeka, nilisikia kutoka nilipokuwa. Miwani akakanyaga breki, ndege ikateleza kwenye tope kama sabuni, ikavuka mawe, gurudumu moja mtaroni, pua kwenye kichuguu. Kisha kimya. Kisha bibi kipofu: "Zimeshatua zote?"

Mpima madini mmoja kavunjika mfupa wa bega. Wengine wazima. Audax alizunguka mara moja, akasema redioni anarudi Mwanza, sauti yake kavu. Wagonjwa wa macho wakakunja kanga zao. Hawakulalamika. Hilo ndilo nililoliona zaidi.

Mtendaji wa kata alifika na pikipiki. "Mzee Matiasi, nini kimetokea?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Ng'ombe. Walikatiza."

Miwani alikuwa amekaa kwenye nyasi, mara ya kwanza namwona bila miwani. Ana macho madogo. Akasema, "Ndiyo. Niliwaona ng'ombe."

Mtendaji akaandika.

Kanisani sikwenda. Najaribu kujua najisikiaje, sipati kitu. Ni kama kupapasa mfukoni.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Maziwa.

20 Aprili, Pasaka

Maziwa. Kezia kaleta na viazi.

23 Aprili, Jumatano

Serikali ya kijiji imekaa. Ngassa na ng'ombe wake watoke nje ya kata ifikapo tarehe 10 Mei. Masika haya, ndama sita hawajakomaa miguu, na huko kote mashamba yamejaa mahindi, atapita wapi? Karatasi wakampa mbele yangu. Hasomi vizuri, nikamsomea mimi. Nilisoma vizuri sana, kwa vituo.

Akaichukua karatasi. "Mtani," akasema, "safari hii utani wako umekuwa mkubwa."

Akacheka. Mtani hakasiriki, ndiyo sheria ya utani. Unaweza kumtukania mama yake akakushukuru. Akanipiga bega, akaondoka na karatasi ameikunja ndani ya kofia.

Angenipiga kwa fimbo ningeshukuru.

24 Aprili

Maziwa. Nimeyamwaga. Kisha nikaona paka anayalamba, nikamwonea wivu.

27 Aprili

Mvua. Nimempigia Agness, nikamwambia baba yako kaponyoka kwenye ajali kubwa, nimeokoa ndege mbili. Akasema, "Baba, umekula?"

30 Aprili

Ndege hakuna. Madaktari hawaji mpaka mambo yaishe. Yule bibi kipofu bado yuko hapa Kaniha, kwa ndugu zake. Kanitumia salamu. Kaniita mwenye ndege.

3 Mei, Jumamosi

Leo maziwa kaleta Ngassa mwenyewe. Nikamuuliza Kezia yuko wapi.

"Anafunga vyombo."

Tukasimama. Yeye akatazama mlingoti. "Nani atakukatia nyasi, mtani?"

"Nitanunua mbuzi."

"Mbuzi wa Kihangaza watalewa, watalala katikati ya uwanja."

Tulicheka wote wawili. Kisha akasema, polepole, hatazami kwangu: "Siku ile niliwatoa. Uliniona."

Nikasema, "Mvua inakuja."

Akasema, "Eeh. Inakuja."

6 Mei, Jumanne

Ofisi ya kata. Mtendaji mezani, Yuster amekuja tena, Kapteni Audax kaja kwa gari kutoka Mwanza, Ngassa kwenye benchi kofia magotini. Miwani kaleta barua tu. Nilivaa koti langu la Lukole, lenye vifungo vya shaba. Nilikuwa nimejiandaa hotuba. Nilitaka nianze na Ukraina.

Audax akasema yeye ng'ombe hakuwaona, ila alikuwa anaangalia ndege iliyokuwa mbele ya pua yake. Mtendaji akasema basi, marubani wawili, mmoja kaona, mwingine hakuwa na nafasi ya kuona, na msimamizi kathibitisha. Akanisogezea karatasi nisaini.

Yuster akaweka mkono juu ya karatasi. "Samahani mtendaji. Mzee, kabla hujasaini. Sitaki habari ya siku ile. Nipe taarifa tu, kama ungempa rubani. Ile kadi."

Kadi ilikuwa mfukoni lakini sikuitoa. Nimeshaikariri.

Nikasema, "Upepo hakuna."

"Ndiyo."

"Uwanja umelowa."

"Ndiyo."

Kadi haina nafasi ya kuongeza chumvi. Ina mistari mitatu. Wa tatu ni wanyama. Nikamwona Ngassa anatazama kofia yake, ile karatasi imo ndani, imeshalegea kwa jasho.

"Ng'ombe wako nje ya mawe meupe," nikasema. "Mwisho wa magharibi. Mwenye nao amesimama mbele yao. Na ndege nyingine ipo, inatokea magharibi. Hiyo sikuitaja. Nilisema tua. Mara mbili. Moja kwa simu, moja kwa redio."

Mtendaji akasema, "Mzee Matiasi, unajua unachokisema?"

"Leo ndiyo najua."

Kapteni Audax akavua kofia, akaiweka mezani. Afadhali angenitukana kwa lugha yoyote katika zile tisa.

Ngassa ndiye wa kwanza kuongea. Akasimama: "Mtendaji, huyu ni mtani wangu. Faini yake nadai mimi. Jogoo wake mwekundu."

"Huyo anawika vibaya," nikasema.

"Nitamla, hatawika."

7 Mei

Ile amri imefutwa. Ngassa habanduki. Barua ya Miwani imepelekwa kwa wakubwa wake, watajuana.

Yuster kachukua redio. Aliipokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu kwa mkubwa. Kasema ningeweza kufungwa, ila ataandika kwamba nilisema mwenyewe. Nimebaki wa kugonga ringi na kupaka mawe chokaa.

Jogoo kaenda.

12 Mei

Redio amepewa Irakoze, binti wa hapa, kidato cha nne, sauti yake ndogo lakini hatetereki. Ananiita babu. Nimemfundisha jinsi wingu la magharibi linavyodanganya. Hilo halimo kwenye kadi.

13 Mei

Nimeshusha soksi ya Clotilda, nimepandisha ile ya boksi. Inajaa upepo vizuri, siwezi kusema uongo. Ya kwake nimeianika kwenye uzio. Mshono wa mkono, nyuzi mbilimbili. Ndani, mahali ambapo hakuna mtu angeona, alikuwa ametia pindo.

19 Mei

Mvua imepungua. Maziwa. Leo yalikuwa matamu, nina hakika.

30 Mei, Ijumaa

Madaktari wa macho wamekuja. Wagonjwa chini ya turubai, bibi kipofu mbele kabisa. Niligonga ringi, kisha nikaenda kusimama na Ngassa mwisho wa magharibi, nje ya mawe, katikati ya ng'ombe. Sijawahi kuitazama ndege kutoka pale.

Irakoze yuko mbali kwenye kile kiti changu. Hatukumsikia. Audax alikuja kutoka mashariki, akazunguka kushoto, akanyoosha, magurudumu yakagusa, vumbi kidogo. Ikatua. Ikasimama. Milango ikafunguka.

Ngassa akasema, "Mtani, mdomo wako ulikuwa unatikisika."

"Mazoea."

"Ulisema tua?"

"Kimoyomoyo."

"Na usingesema?"

"Ingetua tu."

Akatafuna kijiti chake. Ng'ombe mmoja akanipumulia shingoni. Kisha Ngassa akasema, si kwa sauti yake ya utani: "Hata siku ile kule Mugoma. Nilipolala mlangoni. Ulikuwa unanitazama kama mtu anayedhani akikataa, tutamwacha."

Nikampapasa ng'ombe yule pua.

"Tungembeba, Matiasi. Ungekataa mpaka jioni, tungembeba. Ule ni utani tu."

Mara ya kwanza ananiita jina langu tangu msiba. Nikakaa kwenye nyasi. Zilikuwa na umande, suruali ikalowa, nikakaa hivyohivyo. Ngassa akaenda kuwarudisha ng'ombe walioanza kuvuka mawe, akachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Bibi kipofu alipelekwa kwa daktari akiwa ameshikwa mkono. Aliuliza mwenye ndege yuko wapi. Irakoze kanisimulia alivyomjibu: "Hazina mwenyewe, bibi. Zinakuja zenyewe."

31 Mei, Jumamosi

Upepo wa kusini-mashariki, mwepesi. Uwanja mkavu. Ng'ombe wako nje ya mawe meupe. Clotilda hayupo.